Picha za Watu kwa Rangi za Ndege: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyajibu mara nyingi, mengine nikiwa nimepiga magoti kwenye matope na kamera mkononi, hata nikaona heri niyaandike. Mpangilio wake haufuati umuhimu. Unafuata jinsi watu wanavyouliza.

Picha "ya ndege" ni ipi hasa? Ni lazima nivae mbawa?

Hapana. Ukivaa mbawa utaonekana mtu aliyevaa mbawa, na jicho la mtazamaji litaishia hapo. Tunachokopa kwa ndege ni mpangilio wake: rangi ipi imepewa eneo kubwa, ipi imebanwa ikawa mstari mwembamba, wapi pameachwa peupe, mwili umesimamaje. Picha ninazozipenda zaidi ni zile ambazo mtu huzitazama akahisi kuna ndege mahali fulani, ila hawezi kumnyooshea kidole.

Waliokuja na mbawa za kadibodi nimewapiga picha pia. Sikatai kazi. Lakini picha zao ninazozionyesha ni zile za baada ya kuzivua.

Nianze kuchagua nguo, ndege au mahali?

Mahali kwanza. Najua karibu kila mtu huanza na nguo, kwa sababu ndiyo iliyoko kabatini na ndiyo iliyomtia hamu. Shida ni kwamba nguo inayowaka mbele ya kioo chumbani inaweza kuzimika kabisa mbele ya nyasi kavu, au ikapigana na kijani cha msitu mpaka uso ukasahaulika.

Nenda mahali penyewe, saa ileile utakayopigia picha, na upige picha moja isiyo na mtu. Irudishe nyumbani uitazame kwa utulivu. Utashangaa: pale ulipodhani ni kijani, kumbe nusu yake ni kahawia na manjano. Maji uliyoyakumbuka kuwa ya bluu yametoka ya kijivu. Sasa tafuta ndege anayependeza mbele ya rangi hizo. Heroe hung'ara kwa sababu nyuma yake kuna maji na anga vilivyopauka, na mdiria huruka machoni akiwa juu ya tete lililokauka. Ndege akishapatikana, nguo hujichagua yenyewe.

Kama tayari una nguo unayoipenda na huwezi kuiacha, basi geuza safari: tafuta mahali palipo tulivu kuliko nguo hiyo.

Rangi ngapi zinatosha? Naogopa kuonekana kikaragosi.

Hapa ndipo ndege wanapofundisha vizuri kuliko kitabu chochote cha mitindo, kwa hiyo nivumilie nikienda mbali kidogo.

Mtazame kwenzi mwenye tumbo la rangi ya chungwa. Kichwa ni cheusi, mgongo ni wa bluu inayoelekea kijani na inang'aa kama chuma kilichopigwa msasa, na tumbo ni la chungwa lililoiva. Bluu na chungwa hutazamana kwenye duara la rangi, yaani zikikaa bega kwa bega kila moja huipigia mwenzake kelele. Mbona kwake hazigombani? Kifuani, katikati ya rangi hizo mbili, kuna mkanda mwembamba mweupe. Ukiuziba mkanda huo kwa kidole kwenye picha utaona ugomvi unavyoanza. Ukitaka kuvaa blauzi ya bluu na sketi ya chungwa, tafuta kitu chembamba cheupe cha kuvitenganisha kiunoni. Huo ndio mtindo mzima wa kwenzi, na hakuna unyoya hata mmoja ndani yake.

Korongo taji ana somo jingine. Mwili wake ni kijivu, mbawa zina weupe mwingi, na juu ya kichwa kuna nywele ngumu za dhahabu. Chini ya koo kuna kipande chekundu, kidogo kama kishikizo kikubwa cha koti. Rangi kali zote zimepanda juu, karibu na uso. Watu hufanya kinyume: sketi inayolia, viatu vinavyolia, halafu shingoni hakuna kitu. Kama picha ni ya mtu, rangi kali ipeleke anakotazamwa.

Kisha kuna kambu mwenye kifua cha zambarau hafifu. Akitua ni mzuri. Akiruka ndipo bluu kali ya mbawa zake inapofunguka yote. Tangu nilipomtazama vizuri sijawahi kudharau bitana ya koti. Chukua koti la kahawia lisilo na makuu, lenye bitana ya bluu au ya zambarau, mwambie mtu atembee kuelekea upepo, na umngojee. Fremu kumi zitakuwa za koti la kahawia. Ya kumi na moja itakuwa ya ndege.

Wanaopamba nyumba hupenda kugawa rangi kwa kumi: sehemu sita za rangi tawala, tatu za msaidizi, moja ya kuchokoza. Ni mwanzo mzuri kwa anayeogopa. Ila ndege hawajui hesabu hiyo, na korongo taji angefeli mtihani. Ninaloliona kwao wote ni kwamba kuna rangi tulivu (nyeusi, nyeupe, kijivu au kahawia) inayozibeba zilizobaki. Usiisahau hiyo na unaweza kuvaa nne au tano bila kuchekwa.

Nimenunua kitambaa cha bluu kabisa, lakini haking'ai kama mdiria. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Bluu ya mdiria haipo kama rangi ya kupakwa. Ukiusaga unyoya wa bluu wa ndege, unga unaobaki si wa bluu. Ni wa kahawia au kijivu. Bluu hiyo hutengenezwa na umbo la ndani la unyoya, vijisehemu vidogo mno vilivyopangwa kiasi kwamba mwanga wa bluu ndio unaorudishwa kwa jicho. Tausi vilevile: macho yale ya mkiani hubadilika kijani, bluu na shaba kadiri unavyosogea, kwa sababu pembe ya mwanga imebadilika.

Nyekundu na manjano nyingi za ndege, kwa upande mwingine, hutoka kwenye rangi halisi, na mara nyingi kwenye chakula. Heroe hupata uwaridi wake kwenye mwani na vijidudu vya majini anavyokula. Kijani cha kasuku wengi ni mchanganyiko: umbo linalotoa bluu, na juu yake rangi ya manjano. Shorobo ndiye aliyejitenga na wenzake, maana kijani chake ni rangi ya kweli na wekundu wa mbawa zake una shaba ndani, shaba ileile ya waya.

Hayo yanamhusu vipi mwenye nguo? Yanamhusu sana. Kitambaa cha pamba kilichotiwa bluu hurudisha mwanga uleule popote uendapo, kwa hiyo hakitakuwa mdiria hata ukiomba dua. Tafuta kitambaa kinachobadilika: satini, au hariri na tafeta zilizofumwa kwa nyuzi za rangi mbili, moja ya wima na nyingine ya mlalo. Hivyo vina tabia ya tausi. Halafu usivipige kwa mwanga uliotawanyika wa siku ya mawingu, maana vitalala. Vinataka mwanga unaotoka upande mmoja, wa chini, na mtu ageuke polepole huku wewe ukitazama mikunjo. Kuna pembe moja ambapo kitambaa kinawaka. Ukiipata, mwambie asipumue.

Ujanja wa kasuku nao unafanya kazi: vaa shifoni ya manjano inayoonyesha ndani juu ya nguo ya bluu ya maji ya bahari. Kinachotoka ni kijani chenye uhai, kinachocheza kila shifoni inapoinuka.

Na kama unataka bluu iwake zaidi bila kuigusa, iwekee weusi pembeni. Ndege wa peponi wa Papua New Guinea wana manyoya meusi yanayomeza hadi asilimia 99.95 ya mwanga unaoyaangukia moja kwa moja, na rangi iliyo karibu yake huonekana kama taa. Mahameli nyeusi haifiki huko, lakini kwa kola au mkanda inatosha.

Nyasi na miti ni kijani. Je, nivae kijani?

Unaweza, ila chagua kijani kilicho mbali na kile cha majani. Majani mengi yana manjano ndani yake, hivyo kijani kinachoelekea bluu, kama cha chupa, hujitenga vizuri. Kijani kilekile cha majani kitakuacha kichwa kinachoelea hewani.

Jambo ambalo watu hawaulizi, na ndilo linaloharibu picha nyingi zaidi: mwanga unaopita kwenye majani hutoka umepakwa kijani, na ukitua usoni mtu huonekana kama ameshikwa na kichefuchefu. Msogeze mpaka ukingo wa kivuli, uso ukitazama anga wazi, na kijani kitapungua chenyewe. Shuka jeupe lililotandazwa chini mbele yake husaidia pia, kwa sababu hufunika nyasi zinazorusha rangi kwenye kidevu.

Gauni langu jekundu limetoka kama doa moja lisilo na mikunjo. Kamera ni mbovu?

Kamera ni nzima. Nami niliwahi kurudi na picha mia mbili za gauni jekundu ambalo kwenye kioo cha kamera lilionekana la kifalme, na kwenye kompyuta likawa bendera. Kamera hupima mwanga kwa rangi tatu (nyekundu, kijani na bluu), na nyekundu kali inaweza kujaa na kumwagika wakati wastani wa picha bado unaonekana sawa. Ikishamwagika, mikunjo imepotea na hairudi.

Fungua grafu ya mwanga inayoonyesha kila rangi peke yake, na ukiona mstari mwekundu umegonga ukuta wa kulia, punguza mwanga kwa theluthi moja au mbili za hatua (kipimo cha mwanga kwenye kamera). Hifadhi picha katika RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, upate nafasi ya kurekebisha. Waridi kali na bluu ya umeme huleta balaa hilohilo.

Ngozi yangu ni nyeusi sana na picha za nje hunitoa vibaya. Rangi gani zitanifaa?

Tuanze na kosa lenyewe, maana si la ngozi. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Simama mbele ya anga jeupe, kamera itaogopa weupe na kukuzamisha gizani. Simama mbele ya kichaka cheusi, itaongeza mwanga mpaka ngozi iwe na jivu. Dawa ni kupima usoni peke yake, au kuweka mwanga kwa mkono na kutoigusa tena kamera mpaka mahali pabadilike.

Baada ya hapo, tafuta kitu kikubwa chenye mwanga ubavuni: anga wazi, ukuta mweupe, hata hilo shuka. Uso mweusi huchongwa na mng'ao unaoteleza kwenye shavu na paji la uso, na mng'ao unahitaji kitu cha kuakisi. Poda nyingi huua kazi hii. Acha ngozi iwe na mafuta kidogo.

Kuhusu rangi: manjano ya kiini cha yai, chungwa, bluu ya wino na nyeupe safi hukaa juu ya ngozi nyeusi kama zilivyokaa juu ya ndege wenye vichwa vyeusi, yaani kwa raha. Kahawia iliyo karibu na ngozi huyeyuka nayo. Wengine wanaitafuta hali hiyo, na ikipigwa kwa mwanga wa jioni inapendeza mno.

Mwenye ngozi nyeupe sana ana tatizo tofauti: nguo humtupia rangi kidevuni. Manjano na kijani kali azishushe kiunoni au kwenye sketi, shingoni aweke kitu tulivu.

Nguo zenye madoa na michoro je?

Jina kanga ni la ndege na ni la nguo, na husemwa kwamba nguo ilipewa jina hilo kwa sababu ya madoa ya ndege huyo. Mtazame kanga mwenyewe kwa mbali: hayo madoa meupe hayaonekani tena, unaona kijivu. Ndivyo michoro midogo inavyofanya kwenye picha ya mtu mzima mzima. Mchoro uwe mkubwa kiasi cha kusomeka ukiwa hatua kumi na tano mbali, au piga karibu. Mistari myembamba iliyobanana ni hatari zaidi, kwani huleta mawimbi ya rangi ambayo hayapo kwenye nguo, na kuyafuta ni kazi ya usiku kucha.

Kitambaa gani huruka vizuri, na nakipigaje?

Shifoni, organza na hariri nyepesi. Pamba nzito huanguka kama taulo. Kitani hakiruki ila hujikunja kwa heshima, na kwa ndege wa nchi kavu kama mbuni ninakipenda.

Ukitaka kila mkunjo usimame hewani, kasi ya shata (muda ambao kamera huacha mwanga uingie) iwe 1/1000 ya sekunde, au 1/500 kwa upepo mpole. Ukitaka kitambaa kiyeyuke kama ubawa unaopigwa, shuka hadi 1/30, mtu atulie kabisa na kitambaa peke yake kitembee. Hili la pili hufaulu mara moja kati ya nyingi. Piga nyingi.

Anayerusha kitambaa arushe juu kisha aachie na atoke kwenye fremu mapema. Na tazama upepo unakoelekea. Tumewahi kuupoteza mtandio mtoni, ukaondoka ukiwa mzuri kuliko ulivyowahi kuwa kwenye picha.

Saa gani ya siku ni nzuri?

Saa moja ya kwanza baada ya jua kuchomoza, na ya mwisho kabla halijazama. Jua likiwa chini, mwanga hupita kwenye hewa nyingi zaidi, bluu hutawanyika njiani na kinachokufikia ni dhahabu. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima na mwanga huo hukimbia. Ukienda mbali kaskazini au kusini, hujikokota, una muda wa kubadili nguo.

Lakini dhahabu si rafiki wa kila ndege. Inapenda chungwa, nyekundu na manjano. Bluu huitia tope. Kwa mdiria au tausi mimi huchagua asubuhi iliyokwisha kukomaa, kivulini, au dakika chache baada ya jua kuzama. Saa sita mchana chini ya jua kali? Tafuta kivuli chenye anga wazi, au kaleni.

Naruhusiwa kutumia manyoya halisi?

Inategemea ni ya nani na uko nchi gani, na usichukulie poa. Mwishoni mwa karne ya 19 kofia za wanawake wa Ulaya na Marekani zilijaa manyoya, na yangeyange waliuawa kwa wingi kwa sababu manyoya yao mazuri zaidi huota wakati wa kuzaliana. Wazazi walipouawa, makinda yalikufa kiotani. Hasira iliyozuka ilianzishwa zaidi na wanawake. Uingereza, mwaka 1889, Emily Williamson alianzisha kikundi kilichokuja kuwa chama cha kulinda ndege cha RSPB. Marekani, mwaka 1896, Harriet Hemenway na Minna Hall wa Boston waliwashawishi wenzao waache kofia hizo, na chama cha kulinda ndege cha Audubon cha Massachusetts kikazaliwa. Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia uingizaji wa manyoya hayo mwaka 1921.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wahamao bado ina meno: kumiliki unyoya wa wengi wa ndege wa porini wa huko bila kibali ni kosa, hata kama umeuokota chini. Kuvusha mipaka sehemu za ndege walio hatarini kunasimamiwa na mkataba wa CITES, unaofanya kazi tangu 1975. Kwa hiyo unyoya mzuri uliouokota njiani upige picha hapohapo, uuache.

Salama ni manyoya ya kuku, bata na bata mzinga, na ya tausi wa kufugwa yaliyodondoka yenyewe. Mimi ninapendelea ya kutengeneza: kata organza ya nailoni au poliesta kwa umbo la unyoya, pitisha ukingo karibu na mwali wa mshumaa, na utajikunja wenyewe. Karatasi nayo hufanya maajabu, ilimradi pasiwe na umande.

Je, naweza kupigwa na ndege hai?

Aliyefungwa mguu kwa ajili ya picha, hapana, kwangu usije. Wa porini acha wajitokeze wenyewe. Ndege akinyoosha shingo ghafla, akalia mlio wa tahadhari au akaacha kula, umeshasogea mno. Mbali na viota kabisa. Usipige sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita, na bundi usimmulike kwa fleshi. Moshi wa rangi unaouzwa kwa wapiga picha nao ubaki dukani: kwenye nyasi kavu ni moto unaongojea.

Ukitaka heroe nyuma yako, wapige kwa lenzi ndefu ukiwa mbali, kisha unganisha picha mbili, na useme wazi kwamba umeziunganisha.

Sijui nifanye nini na mikono. Pozi la ndege ni lipi?

Si kutanua mikono. Wote hutanua mikono.

Kaa robo saa umtazame ndege mmoja. Korongo akisimama kwa mguu mmoja, uzito wote umehamia upande mmoja na mwili umepata mpindo. Fanya hivyo, goti la pili lilegee. Mdiria hafanyi kitu, anatazama sehemu moja ya maji kwa mwili wote. Mtu anayetazama kitu kimoja kweli, hata jani, hupendeza kuliko anayetazama "kule".

Shingo iombe kwa adabu. Bundi ana pingili 14 shingoni na huzungusha kichwa hadi nyuzi 270. Wewe una 7. Badala ya kuikunja shingo, geuza mabega, kisha yashushe, shingo itarefuka bila maumivu. Mkono mmoja ushike ukingo wa nguo, mwingine uachwe. Zaidi ya hapo, kila ndege huruka kwa ubawa wake: anayecheka sana simnyamazishi ili awe tausi, ninampeleka kwa kasuku.

Mimi ni mwanamume. Haya si ya wanawake?

Waulize tausi. Kwa ndege wengi aliyejipamba ni dume, na jike ndiye mwenye kahawia ya busara. Yupo kasuku aitwaye eclectus aliyepindua meza: jike ni mwekundu na bluu, dume ni kijani, na kwa muda mrefu wataalamu waliwahesabu kuwa aina mbili tofauti za ndege.

Mwoga aanze na karani tamba. Kijivu juu, nyeusi mapajani, na uso wa rangi ya chungwa. Jaketi la kijivu, suruali nyeusi, skafu moja ya chungwa. Hakuna atakayekuuliza swali.

Tuko wengi, familia nzima. Tuvae sare?

Methali inasema ndege wa mbawa moja huruka pamoja, lakini kundi la heroe lenyewe halina rangi moja. Wapo waliokolea, wapo waliopauka, na vijana bado ni wa kijivu. Chagueni rangi moja na kila mtu awe na ukali wake, kuanzia waridi iliyofifia hadi nyekundu ya damu ya mzee. Mmoja, au watoto wote, wavae kijivu. Itawapendeza, na hawatakuwa na nguo ya kuogopa kuichafua.

Watoto wapigwe kwanza, kabla ya njaa.

Simu inatosha, au ninunue kamera?

Inatosha. Tumia lenzi yake ya kuvuta karibu badala ya ile pana, maana pana hunenepesha pua. Kitu cha kuangalia ni ile hali ya kufifisha nyuma: kwenye organza, manyoya na nywele zilizotawanyika hukata kingo kama mkasi butu. Izime, umsogeze mtu mbali na miti. Mwenye kamera, lenzi ya milimita 85 kwa f/2 au f/2.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana) hufanya kazi zangu nyingi.

Kuhariri: rangi ziongezwe kiasi gani?

Zisiongezwe. Punguza zile zinazoizunguka nguo. Shusha manjano na kijani ya nyasi kidogo na nguo itapanda bila kuguswa, na ngozi itabaki ya mwenyewe. Kitelezi kimoja kinachoongeza rangi zote kwa pamoja ndicho kinachowapa watu mashavu ya nyanya. Nguo nyeupe ikionekana ya bluu kivulini, usishangae: kivuli chenyewe hubeba bluu ya anga, na sabuni nyingi za kufulia zina kemikali za kung'arisha zinazoongeza bluu juu yake.

Mvua ikinyesha?

Inategemea nguo. Hariri irudi ndani. Majani yaliyolowa huwa na rangi nzito ajabu, na rangi ya manjano chini ya anga la kijivu haina mpinzani, kwa hiyo mwenye koti la mvua la manjano asiondoke.

Nije na nini siku yenyewe?

Ndala za kutembelea na viatu vya picha mkononi. Maji ya kunywa. Kitambaa kikuukuu cha kukalia. Nguo ya ndani ya rangi inayofanana na ngozi, kwa sababu shifoni haifichi siri. Brashi ya kutolea mbigili. Mfuko wa taka, na kila kipande cha karatasi na uzi urudi nacho. Na pini, nyingi, za kubana nguo mgongoni: nusu ya magauni mnayoyasifu kwenye picha zangu yameshikiliwa na pini saba na mtu mmoja aliyejificha kichakani.